Kijito Kilipopungua

Jumanne, 29 Aprili 2025

Insha ya chuo imeanza kuiva! Nalinganisha jinsi watu wa Sirisia, watu wa Mlima Elgon na sisi wa Kitale tunavyojipanga wakati wa mafuriko. Tayari najua nani ataongoza — sisi. Baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa. Tuna orodha, tuna simu, hata kipaza sauti.

Leo nilikuwa Sirisia kwa Hiram, mkulima wa mahindi. Nikamuuliza kamati yao hukutana lini. Akacheka! Ati kamati ya nini? Maji yakibeba nyumba unaingia kwa jirani, anakusongea. Mwaka jana alikaa na watu kumi na moja, miezi miwili. Nimeandika: hawana mpango.

Alhamisi, 1 Mei

Mlimani, kwa Mama Jelimo. Mjane, anafuga kondoo, ananishinda kutembea. Akanionyesha mahali udongo ulifunika boma lake. Watu wote walitoka wazima. Nani aliwatangazia? Hakuna. Kijito kikipungua na mvua bado inanyesha, kimezibwa huko juu na kitapasuka — hata mtoto anajua, akasema. Hawangoji mtu. Wanapanda juu.

Nimefuta ile "hawana mpango". Aibu kidogo.

Jumamosi, 3 Mei, saa kumi jioni

Naandika nikiwa kwa Mzee Kipketer. Nimelowa chapachapa.

Mvua tangu asubuhi. Saa nane nikachungulia kijito nyuma ya jikoni — mawe yanaonekana. Mawe! Nikakimbia kwa Baba: tuondoke. Akasema meseji ya kaunti haijaingia, na mwenyekiti hawezi kuwa wa kwanza kukimbia. Sikubishana. Nikamshika Mama mkono, nikawapigia watu wa bondeni kelele mpaka sauti ikakauka. Tukapanda wote mpaka hapa, nyumba ya juu kabisa.

Baba na Kipketer hawajasalimiana miaka tisa. Ugomvi wa mpaka wa shamba. Sikupiga hodi, niliingia tu. Mzee akatutazama, akamwambia mkewe Jepchumba aongeze maji ya chai.

Saa tisa maji yakaja na miti mizima. Jiko letu limeenda. Lakini watu wa bondeni wako hapa, wote!

Baba pia alitoka, dakika za mwisho. Namwona kwa dirisha. Amesimama nje ya geti, mvua inampiga. Mama amemwita mara mbili. Haingii.

Sasa Kipketer amevaa gambuti, ametoka. Amefungua geti lote. Amesimama kando ya Baba, wanaloa wote wawili.