Kutoka Vancouver mpaka Chamazi

Jumanne, 5 Agosti
Nimemgeuza Baba, nimemwosha, nimemlisha uji. Vijiko vitatu tu. Mgongo unaniuma. Hospitali wameturudisha nyumbani na tumeelewa maana yake.
Kaka Hamisi kapiga simu kutoka Vancouver. Kapata tiketi, anaondoka kesho jioni ya kwao. Miaka tisa hajakanyaga Chamazi. Nimefurahi, halafu nimekasirika. Mwaka mzima nauguza peke yangu.

Jumatano, 6 Agosti
Baba kauliza Hamisi kafika wapi. Nikamwambia hajapanda ndege bado. Kauliza ni mbali kiasi gani. Nimeangalia kwenye simu: kama kilomita elfu kumi na tano, na hakuna ndege ya moja kwa moja. Ndege tatu. Siku nzima na zaidi, pamoja na kusubiri viwanjani.
Baba safari yake ndefu ilikuwa Newala mpaka hapa, kwa basi, na vinyago vyake kwenye gunia. Akafikiri. Akasema, "Mbali." Akafumba macho.
Anavyohema sipendi.

Alhamisi, 7 Agosti
Baba amefariki kabla ya adhana ya alfajiri. Hamisi keshapaa. Simu yake haipatikani.
Baba mdogo kaja kutoka Pugu. Kasema tunazika leo, baada ya alasiri. Nikamwomba tumsubiri Hamisi mpaka kesho. Hakunigombeza. Kanikumbusha tu kwamba Baba mwenyewe aliusia asicheleweshwe. Kweli aliusia, nilikuwepo. Nikakubali. Nimejichukia.
Mchana, wanaume wakiwa chumbani wanamwosha Baba, Hamisi kapiga. Yuko Ulaya, anangoja ndege ya pili.
"Mzee anaendeleaje?"
Bado ana ndege mbili mbele yake, peke yake, katikati ya watu asiowajua.
"Amepumzika, Kaka."
"Basi msimwamshe. Nakuja."
Nikaenda kujifungia bafuni. Wamezika. Nimechoka mpaka kulia siwezi.

Ijumaa, 8 Agosti
Uwanja wa ndege na baba mdogo. Hamisi katoka na begi moja, kanenepa, ana mvi. Akaniona mie, akamwona baba mdogo, akasimama palepale. Hatukuhitaji kumwambia.
Kwenye gari akauliza, "Nilipopiga, alikuwa hai?"
"Hapana."
Akageukia dirishani mpaka Mbagala. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 10 Agosti
Hitma ilikuwa jana. Wageni wameondoka. Hamisi mwili wake bado unafuata saa za Vancouver, analala wakati sie tunakula.
Asubuhi kanikuta nafua mashuka ya Baba. Akavuta kigoda, akaanza kusuuza. Tulipokuwa tunakamua lile shuka kubwa, yeye upande ule, mie huku, akasema, "Ungeniambia, ile ndege ya pili nisingeweza kuipanda."
Tukaanika.
Nikaingia ndani kujinyoosha kidogo. Nimelala mpaka adhuhuri. Hakuna aliyeniita.