Nafasi ya Tatu Si Yangu

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi ni wazima. Goti la mama yako linamsumbua akipanda ngazi, na sikio langu la kushoto sasa limefunga duka kabisa, ndiyo maana nakuandikia. Simu kwangu siku hizi ni nyuki ndani ya kopo. Wewe je? Kikohozi kimekuacha? Unakula?

Baada ya salamu, nina hasira na wewe.

Jana kinyozi alinisomea gazeti lenu nikiwa na povu nusu ya uso. "Mabondia Kumi Bora wa Uzito wa Kati wa Nyakati Zote," na chini yake jina lako. Nikajinyoosha kitini kwa fahari. Wa kwanza Nyundo. Sawa, hata adui yake hawezi kubisha. Wa pili Ukuta. Haya, hapo tungeweza kubishana, maana Ukuta alitetea mkanda mara sita, lakini nusu ya aliopigana nao walikuwa wa kulea wajukuu. Wa tatu Kengele. Mimi! Watu wakapiga makofi, mmoja akanigonga mgongoni hadi povu likaniingia puani. Kinyozi akaendelea kushuka, wa nne, wa tano, hadi Kinyonga wa tisa, kisha mkiani kabisa. Wa kumi, Seremala.

Wa kumi, mama? Seremala? Yule mtu alikuwa na mkono wa kushoto ambao huuoni ukija, unauona ukiondoka. Alipanda ulingoni mara arobaini na moja na hakuanguka hata mara moja. Nyundo mwenyewe alikuwa akimkwepa kama paka na maji. Nani kakufundisha kupanga mabingwa? Mnatazama karatasi tu, huyu kashinda, huyu kashindwa, kama karani wa ghala anayehesabu magunia bila kufungua hata moja!

Mpandishe Seremala. Na mimi unishushe. Niweke popote utakapo, ila chini yake.

Mama yako anakusalimu. Juu ya hili hasemi neno, anatikisa kichwa tu.

Ni mimi baba yako

11 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, na mwambie apake ile dawa ya goti niliyotuma, asiiweke kabatini kama pambo. Kikohozi kimeniacha. Nakula.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nami nikakasirika. Tangu orodha itoke simu ya ofisi haipumui. Mmoja ananiambia babu yake angetakiwa kuwa wa kwanza, mwingine anauliza kama nimewahi kuona glovu. Kila mtu analalamika mtu wake kawekwa chini. Wewe peke yako duniani unalalamika umewekwa juu!

Halafu unaniita karani. Baba, nimekaa miezi miwili kwenye chumba cha magazeti ya zamani, na vumbi la mle ndilo lililonipa kile kikohozi. Nimepima miaka ya ubingwa, mapambano, nani alimpiga nani, na huyo aliyepigwa alikuwa katika hali gani siku hiyo. Mhariri wangu aliposikia nataka kukuweka wa tatu alicheka mbele ya wenzangu wote: "Binti anampamba baba yake." Nikamwekea takwimu mezani, moja baada ya nyingine, mpaka akanyamaza. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kwenye dawati lile la michezo, na siku ile nilishinda. Sasa nirudi nikamwambie nini? Baba amekataa?

Nina swali moja tu. Wewe na Seremala mlipigana mara moja, mkigombea mkanda, ukamshinda kwa pointi. Nimwekeje juu yako mtu uliyempiga?

Nijibu hilo, nami nitamhamisha.

Ni mimi binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Kimya hiki cha wiki tatu usidhani tunaumwa, sisi ni wazima. Nimeandika barua nne nikazichana. Mama yako ameokota vipande, akanikalisha mezani, akasema, "Andika, au nitaandika mimi."

Sikumpiga.

Raundi ya tisa aliniangusha kwa ule mkono wa kushoto. Nilimwona refa juu yangu akihesabu, midomo inakwenda, na miguu yangu sijui iko wapi. Nikasikia sita. Halafu kengele ikalia. Kwa sheria za wakati ule, kengele ikilia umeokoka. Watu wangu wakaniburuta hadi kona, wakanimwagia maji. Nisingesimama, mama. Hata refa angehesabu mpaka hamsini. Kocha akaniinamia sikioni, akasema, "Shemeji kaigonga mapema. Tumekuokoa. Simama, usituaibishe." Shemeji yake ndiye aliyekuwa akishika saa.

Nikasimama. Raundi tatu zilizobaki nilimkumbatia kama mlevi na nguzo. Majaji wawili wakanipa mimi ushindi, mmoja akampa yeye. Seremala akaenda kwenye meza yao akapiga kelele, akaipindua. Wakamfungia mwaka mzima kwa utovu wa nidhamu.

Ningeweza kuishia hapa niseme mwenye kosa ni kocha, mimi nilikuwa sijitambui. Lakini Seremala alipomaliza adhabu yake aliomba marudiano mara mbili, na mara mbili nikakataa. Nikawaambia waandishi kwamba siwezi kupanda ulingoni na mtu asiye na adabu. Nilisema mimi, kwa mdomo huu huu. Akarudi kutengeneza milango.

Mama yako siku ile alikuwa kiti cha mbele, na saa yake ya uuguzi kifuani. Juzi ndipo aliponiambia kwamba raundi ile ilikwenda dakika mbili na sekunde kumi na moja badala ya dakika tatu. Miaka ishirini na saba amekaa nayo. Nikamuuliza mbona hukusema? Akanijibu, "Nilikuwa nakungoja wewe."

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mama msalimie, na mwambie naye nimemkasirikia, zamu yake itafika.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la tano? Binti wa Seremala alikaa dawati la mbele yangu. Siku moja alisema darasa zima likisikia, "Mkanda ule ni wa baba yangu. Baba yake aliokolewa na kengele." Nikamchapa kofi, akaangukia ukingo wa dawati, jino likavunjika. Nilirudi nyumbani na barua ya mwalimu mkuu, nikingoja kiboko. Ulifanya nini, baba? Ulinibeba mabegani! Ukanizungusha sebule nzima ukisema, "Damu ya bingwa hii!" Mtoto wa miaka kumi na mmoja kamvunja mwenzake jino kwa kusema kweli, na wewe unajua ni kweli, unamzungusha sebuleni!

Nilidhani nitakasirika kwa sababu ya orodha. Orodha si kitu. Nitakaa chini niirekebishe hata mara kumi. Lile kofi nitalirekebisha vipi?

Habari hii nitaiandika. Mhariri anataka tamko lenye sahihi yako. Lakini Seremala asije akaisoma gazetini kama habari za watu baki. Nenda kwenye karakana yake, umwambie ana kwa ana. Mpaka uende, sichapishi neno, wala sikuandikii.

Binti yako

21 Mei

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima, maana hukuniambia. Umetimiza neno lako, sina la kulalamika. Goti la mama yako lina nafuu.

Nimekwenda. Karakana yake iko mitaa mitatu tu kutoka kwetu, nami miaka yote hii nimekuwa nikizunguka kwa njia ya sokoni nisipite pale. Mara ya kwanza nilifika mlangoni, nikasikia randa inapita kwenye ubao, nikageuka. Mara ya pili nikaambiwa amesafiri, na nakiri kwamba nilifurahi. Jana nimeingia.

Amekuwa mweupe kichwa kizima, lakini mikono ni ile ile. Alikuwa akilainisha ubavu wa mlango. Hakuinua macho.

"Karibu. Mlango au dirisha?"

"Nimekuja kwa ajili ya raundi ya tisa," nikasema.

Randa ikasimama. Nikamweleza yote, shemeji, saa, kocha, na ile miaka niliyomkwepa. Nilipomaliza nilitegemea mojawapo kati ya mawili, anikumbatie au anitwange. Yeye akauliza tu, "Umemwambia nani mwingine?"

"Mke wangu na binti yangu. Gazeti nalo litaandika."

"Wamekuamini?"

"Wameniamini."

Hapo ndipo alipopandisha hasira. "Umesema mara moja wakakuamini! Mimi nilisema mpaka koo likakauka. Nilisema kwa chama cha ngumi, nilisema kwa waandishi, nilisema hadi kwa baba mkwe wangu. Nikaitwa mwenye kinyongo. Mwanangu aliletwa nyumbani mdomo umejaa damu kwa kurudia maneno yangu, nikamwambia asiyaseme tena, na mimi nikanyamaza. Leo mwizi mwenyewe kasema kaiba, ndipo wizi umekuwa kweli!"

 

Nilikuwa nimebeba mkanda kwenye mfuko. Nikautoa. Akauchukua, akauzungusha kiunoni juu ya aproni yake, ncha hazikukutana. Akasema taratibu, "Wakati ule ungenitosha." Kisha akanirudishia. "Uweke pale kwenye benchi, uende zako. Na usingoje asante."

Nimeuweka, nikaenda zangu. Sijasamehewa, mama. Usije ukaandika kwamba nimesamehewa. Tamko ni hili hapa, na sahihi yangu chini.

Baba yako

14 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mmeamka salama. Mimi ni mzima, nimechoka tu.

Habari imetoka, ukurasa mzima wa nyuma. Mhariri alitaka kichwa kiwe "Maungamo ya Bingwa." Nikamuuliza, bingwa yupi? Tumebishana saa nzima. Imekwenda kama "Pambano Lililoibwa." Chama cha ngumi kimesema kitaunda kamati. Kamati! Refa alishafariki, kocha wako alishafariki, shemeji yake alishafariki. Sijui kamati itakwenda kuyahoji makaburi?

Nilimtafuta binti wa Seremala. Anafundisha hesabu. Alipofungua mlango alinijua kabla sijasema jina. Nikamwomba radhi nikiwa nimesimama pale pale kizingitini. Akasema, "Jino niliweka jingine. Kilichoniuma ni baba kunikataza kusema." Chai alinipa, lakini hakukaa tuinywe pamoja. Nimekunywa peke yangu, nikaosha kikombe, nikaaga.

Kwenye orodha mpya nilimweka baba yake wa pili. Nilidhani nimetenda haki. Jumatatu Seremala amekuja ofisini mwenyewe na karatasi, akampa mhariri mkononi. Nakunakilia:

"Niondoeni kwenye orodha yenu. Mlipokuwa hamjui kitu mlinipa namba, mmejua kidogo mmenipa namba nyingine. Mimi sikupigana na orodha. Nilipigana na mtu mmoja kwa ajili ya mkanda mmoja, na nilimpiga. Andikeni hivyo, basi."

Tumeichapisha kama ilivyo, juu ya orodha, na jina lake nimelitoa kwenye namba. Nimekaa na ile karatasi siku nzima, naiona kazi yangu ya miezi miwili imekuwa ndogo kama tiketi.

Sasa zamu yako. Bila ule ushindi, na baada ya kukataa marudiano mara mbili, huwezi kubaki wa tatu. Kinyonga ni wa nane, wewe ni wa tisa. Nimekupima kama ninavyompima mtu yeyote.

Nakupenda, na hasira bado ninayo. Vitu hivyo viwili vinakaa chumba kimoja. Nitakuja mwezi ujao.

Ni mimi binti yako

20 Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mama yako anacheka peke yake jikoni tangu aliposikia unakuja, na shuka za kitanda chako zimeshafuliwa mara mbili. Hatujambo.

Mtaani watu wamegawanyika. Wengine hawanisalimu, na hao nawaelewa. Wanaonichefua ni wale wanaonishika bega: "Mzee, hayo yalishapita, umejichongea bure." Bure! Mtu kaibiwa maisha yake, unaniambia bure! Jana nimemfukuza mmoja kibarazani pamoja na machungwa aliyoniletea.

Ile karatasi ya Seremala mmefanya vyema kuichapisha. Msiongeze neno, msipunguze. Kila alichoandika ni kweli, na mtu akikuuliza, mwambie aje kwangu.

Lakini hili la Kinyonga silikubali! Kinyonga wa nane, mimi wa tisa? Umesoma magazeti gani, wewe? Kinyonga nilimpiga mwaka mmoja kabla sijakutana na Seremala, mchana kweupe, uwanjani kwao, refa wao, saa wanashika wao, watu elfu nzima wananizomea. Raundi ya nne nikamwingiza konde la mbavu na jingine la kidevu. Akahesabiwa mpaka kumi, kumi kamili, akabaki pale chini akiuliza basi la kwenda nyumbani linaondoka saa ngapi. Hakuna shemeji wa mtu pale! Nilimpiga mimi, kwa mikono yangu.

Cha Seremala nimekirudisha, nawe usinirudishie hata vumbi lake. Cha halali yangu usikiguse. Rudi kwenye kile chumba, tafuta gazeti la mwezi wa nane mwaka ule, ulisome mpaka chini, halafu uniweke wa nane.

Ni mimi baba yako