Mbwa Mwenye Jina la Kali

Lemayian mjukuu wangu,

Supa! Huku Mashuuru mvua imenyesha vizuri, mbuzi wako na maziwa, na babu yako anaringa na gambuti mpya hata kukiwa na jua.

Umeniuliza kama umwongezee mbwa wako Bosi mwenzake, kwa sababu ukienda kazi analia mpaka majirani huko Kitengela wanataka mwenye ploti awahamishe nyote wawili.

Nikiwa msichana, baba yangu alikuwa na mbwa anaitwa Kali, lakini ukali ulikuwa wa jina tu. Mgeni akikuja, Kali alimkimbilia akitingisha mkia. Baba akachoka, akaleta mbwa mdogo mwenye sauti nzito atulindie boma. Yule mdogo akawa anamfuata Kali kila mahali. Siku moja akaja mtu tusiyemjua, sisi tukangoja tuone. Mbwa wote wawili wakamkimbilia, wakamlamba mikono! Baba alicheka mpaka akakaa chini.

"Nilitafuta askari," akasema, "nikapata mkaribishaji mwingine."

Kwa hivyo mzoeshe Bosi kwanza kubaki peke yake akiwa ametulia, ama utafungua kwaya hapo kwa ploti.

Lakini usikawie sana. Mbwa wetu amezaa, na kuna mmoja mweupe nimekuwekea. Analala ndani ya gambuti ya babu yako. Babu amekataa kumwamsha, sasa anakanyaga matope na malapa.

Ni mimi,
Koko wako