Baba Yetu Khalaf bin Aflah, Aliyeikata Taarifa ya Habari

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipojilaza baada ya Alasiri, ukasema uamshwe chai ikiwa tayari, na chai ikapoa. Mpaka leo Mama husahau akakumiminia kikombe, kisha hujikasirikia na kutulazimisha sisi tukinywe.

Ulizaliwa Unguja, ukaja Oman kijana, na hapa Ibra ukawa mtu wa kwanza kuwaletea watu wa nyuma ya majabali picha isiyo chenga. Televisheni yako, Naseem, ilianza kwenye chumba kimoja juu ya duka la rangi. Shirika la Maskati lilikupa matangazo yake uyarushe kama yalivyo, nawe ukaachiwa saa moja tu kabla ya Magharibi iwe ya wenyeji: bei ya mbuzi, soko la wanawake la Jumatano, harusi na tanzia. Sharti lilikuwa moja, kwamba matangazo ya Maskati hayakatwi.

Watu ulisema nao Kiarabu, mitambo ukiisemesha Kiswahili. "Haya bibi, amka, usinitie aibu." Tukikucheka ulituambia ndivyo ilivyozoea. Mwenyewe hukutaka kuonekana kwenye kioo hata kidogo, na wageni walidhani Bi Alyaa, mtangazaji, ndiye mwenye kituo. Nawe uliwaacha wadhani hivyo hivyo.

Kwenye tanzia ulikuwa mgumu kupita kiasi. Hukuruhusu jina litajwe mpaka jamaa wa marehemu aje mwenyewe au apige simu. "Mtu hafi kwenye televisheni kabla hajafa nyumbani kwake," ulisema. Wengi walikuita mkaidi, na mkaidi ulikuwa kweli, hatuwezi kukuficha.

Ikaja ile Jumatano ya mvua. Wadi, lile bonde kavu la mto, ilishuka na maji, barabara ya Sur ikakatika, Bi Alyaa hakuweza kufika kazini. Ulikuwa na fundi wako Nadhir peke yenu. Yeye ndiye aliyetusimulia haya, tena matangani kwako, maana wewe hukupata kuyasema yote. Majid, rafiki yako wa chumba cha habari Maskati, alipiga simu.

"Khalaf, ya akhi, jikaze. Kuna gari imeonekana wadini, imepinduka. Ni ya mwanao Osama. Jina lake wameshalitia kwenye taarifa ya saa kumi, na waliokufa maji."

"Mmemwona Osama?"

"Gari tumeiona."

"Gari si mtu, Majid. Litoeni jina."

"Si amri yangu, wallahi. Mkubwa keshapitisha. Na wewe usiiguse swichi, watakufungia."

Ulimpigia Osama, simu haishiki. Ukapiga tena na tena. Huku nyumbani Mama alikuwa mbele ya televisheni pamoja na nusu ya wanawake wa mtaa, wote wakingoja habari za wadi. Ukiiacha taarifa ipite, Mama anamwona mwanawe maiti kwa maandishi yanayokimbia chini ya kioo. Ukiikata, watu wa mabondeni hawatajua maji yamefika wapi. Na kituo chako, kazi ya umri wako wote, kilikuwa mkononi mwako pale pale.

Muziki wa taarifa ulipoanza, uliikata Maskati. Ukakaa kwenye kiti cha Bi Alyaa, kofia imekwenda upande, ukaanza kusoma wadi moja moja na barabara moja moja, ukiwasihi watu wapande juu. Jina la mtu hukutaja. Sauti yako ilitetemeka, nasi hatukujua kwa nini.

"Mtazameni Khalaf anavyoiogopa kamera!" alisema Mama, na chumba kizima tukacheka. Mungu atusamehe.

Ulikuwa bado kitini simu ilipolia tena. Nadhir akaizima maikrofoni, akakuwekea sikioni.

"Baba, niko mji wa Adam, nimekuja kununua mbuzi. Huku simu zilikuwa hazishiki. Vipi Mama?"

"Na gari, Osama? Gari iko wapi?"

"Nimemwazima Hud, amekwenda nayo Sur kwa mchumba wake."

Nadhir anasema ulitamka Alhamdulillahi, na kabla hujaimaliza ukajishika kichwa. Hud alikuwa mtoto wa jirani yetu, Bi Ghaniya. Na Bi Ghaniya alikuwa kwetu, amekaa karibu na Mama, bado anakucheka.

Ulimwachia Nadhir kituo, na simu ya Maskati inalia, ukaja kwa miguu kwenye tope. Uliingia ukampita Mama usimtazame, ukakaa chini mbele ya Bi Ghaniya.

"Bi Ghaniya, Hud alichukua gari ya Osama. Gari imeonekana wadini. Yeye hajaonekana."

Alikutazama sana. "Umesema hajaonekana."

"Hajaonekana."

"Basi usinambie zaidi ya hapo."

"Sikwambii zaidi ya hapo."

Ukakaa naye mpaka maiti ya Hud ilipopatikana kesho yake, huko chini penye mitende. Hilo nalo alilisikia kwako, si kwa mwingine.

Mama alikukasirikia siku nyingi. "Ulidhani mwanangu amekufa, ukaniacha nacheka mbele za watu?"

"Sikuwa na habari ya kukupa, Badria. Nilikuwa na gari tu."

Maskati walikunyang'anya matangazo yao kabla tope halijakauka. Naseem ikabaki na ile saa yake moja, watu wakaweka madishi juu ya mapaa, na mwishowe ukafunga mlango ukampa mwenye duka ufunguo wake. Hukusema umejuta. Wala hukusema ulifanya vizuri.

Ulipoondoka wewe, mjukuu wako Rahaf aliisoma tanzia yako kwenye kundi la simu, chuoni Nizwa, kabla hatujamfikia. Aliyeituma alitaka awe wa kwanza. Tutamsamehe, lakini si leo.

Juzi tulikuwa tukiandika haya, Bi Ghaniya akaingia.

"Mnatia majina ya nani hapo?"

"Ya jamaa zake, Bi Ghaniya."

"Nitieni na mie."

Bintiyo Mazoon akamuuliza tumwandike ni nani kwako. Akavua viatu, akakaa karibu na Mama. "Hilo mtalijua nyinyi," alisema.

Wanaokukumbuka ni mkeo Badria. Ghaniya, mama yake Hud. Wanao Mazoon, Osama na Dalal. Na wajukuu zako, Rahaf na Hud mdogo, mwana wa Osama. Mwenyezi Mungu akurehemu. Kukusahau hatuwezi, Baba, daima.