Mlango Haujapinda

Baba Nyanzala,

Maharage yako jikoni, ugali songa mwenyewe. Mbuzi wafungulie. Nimeondoka na mama yako, tunawahi treni ya Tabora!

Asubuhi amepimwa na yule daktari wa macho aliyekuja misheni. Mlango wako haujapinda! Ni macho yake yanavuja damu kwa ndani, ndiyo maana kilichonyooka anakiona kimepinda. Na wewe kila akisema umepinda umeung'oa, mara mbili, ukamnunia. Jicho la kulia tumechelewa. La kushoto damu haijafika katikati, kwa hiyo anafaa kuchomwa kwa mwanga wa leza, ila ni hospitali ya Tabora, na ni sasa hivi!

Tutarudi ~~Jumapili~~ wakimaliza. Mlango usiuguse. Anasema atakuomba radhi mwenyewe, akikutazama usoni.

Mama Nyanzala