Mkono Wangu Ukutani

Chandu upo? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Celina si unamjua, mjukuu wangu anayeishauri serikali mambo ya sheria za kemikali. Jumapili alikuja dukani. "Shikamoo babu," akanifagilia na duka. Mara akauliza, "Babu, hii kostiki ya kutengenezea sabuni mnawapimiaje wateja?" Nikamwonyesha, si mjukuu wangu! Nikaimimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, kama ninavyofanya miaka yote. Akapiga picha. Na mimi nacheka, najua ya ukumbusho.

Bwana wee, leo kwenye semina ya wafanyabiashara, Celina ndiye mfundishaji, si akaiweka picha ile ukutani! Kubwa kama mlango! Mkono wangu Chandu. Mkono wangu na chupa, na pete yangu ya ndoa inang'aa.

Akasema, "Hivi ndivyo watoto wanavyoungua koo, wakidhani ni maji." Nimekaa mstari wa mbele. Watoto wanaungua koo. Hata hakuniangalia.

Paras wa duka la rangi akapaza sauti, "Mzee Tarsis, si pete yako hiyo?" Ukumbi mzima ukageuka.

Angeniambia palepale dukani ningezitupa chupa zote. Wallahi ningezitupa, mimi nina wajukuu tisa. Lakini kunichora mbele za watu, damu yangu mwenyewe?

Nikajibu, "Siyo yangu."

Ndipo akaniangalia. Nimeikana pete ya bibi yake, Chandu, na yeye anasikia.