Geti Lisiloingiza Gari

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Tumehama. Nyumba mpya ya Bosi iko Al Thumama, hukuhuku Uarabuni. Vyoo saba, lifti ndani kwa ndani — na wenyewe watu wanne! Rukia, mpishi wetu, Mpemba, kapanda lifti mara moja tu, kashuka anasoma Ayatul Kursi.

Geti la magari pana, jeusi, la rimoti. Likafunguka lenyewe. Mimi dereva, nikataka kuingiza gari. Ebo! Mbele yake ukingo wa barabara umesimama wima, zege tupu. Haujakatwa wala haujashushwa. Njia ya gari hakuna! Bosi akashuka, akautazama, akaniuliza mimi huu umetoka wapi. Utadhani nimekuja nao kwenye buti.

Siku ya kuja kuiona nyumba walikuwa wote shingo juu, wanasifia taa za dari. Dalali akawaambia kibali cha kushusha ukingo kipo, bado muhuri tu. Bosi akasema mashallah, akasaini.

Magari matatu yamelala mtaani.

Jumapili, 12 Oktoba

Mtaa wenyewe mwembamba. Jirani akitaka kutoka, honi. Natoka na ndala, nasogeza. Akirudi, honi. Nasogeza. Mutai, Mkenya, dereva wa huyo jirani, kaniuliza leo: "Wee Faraji, huyo mdosi wako alinunua nyumba ama alinunua ukuta?" Nikaingiza gia. Nilikuwa nasogeza.

Jioni nimeomba likizo. Binti yangu Mwajabu anaolewa Tanga, Ijumaa ya tarehe 14 Novemba. Bosi kafurahi kweli, kanishika mikono yote miwili, mabruk, mabruk! Halafu akasema: magari yakishalala ndani, siku hiyohiyo unapanda ndege. Kabla ya hapo nani atayasogeza — yeye? Tukacheka wote. Mimi nilicheka kidogo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mbao! Wazo la Mutai. Nimezifuata Industrial Area, nene hasa, nikazipanga kwenye ukingo. Gari kubwa la Bosi likapanda vizuri tu. Nikapata kiburi. Nikaleta la Mama, mke wa Bosi, lile la chini. Kwaruuu! Likakaa tumbo juu ya zege, magurudumu ya mbele hewani. Mama alikuwa kwenye lifti na bado akasikia. Nimetukanwa kwa Kiarabu ambacho sijakifikia bado. Rukia kakielewa, kakataa kunitafsiria.

Jumanne, 28 Oktoba

Alhamdulillahi! Bosi kachoka kungoja kibali. Kaleta fundi, ukingo ukakatwa, zege likamwagwa, likakauka, mteremko laini kabisa. Leo magari yote yamelala ndani! Tiketi kesho, kasema mwenyewe.

Nimempigia mke wangu, Time. Nakuja! Kalia, mimi nikajifanya nakohoa. Mdogo wangu Khalfan alishaanza kujipendekeza, eti nisihangaike, atakuwa wakili wangu kwenye ndoa. Aa wapi! Mwanangu namwozesha mwenyewe, mkono wangu ndani ya mkono wa bwana harusi. Miaka sita nawapeleka watoto wa watu shule, saluni, kwa daktari wa meno. Wangu nisimfikishe hata kwa mumewe?

Nimefungasha. Sanduku halifungi, Rukia kalikalia.

Jumatano, 29 Oktoba

Hakuna tiketi.

Asubuhi wamekuja watu wa barabara. Wapole jamani, hata kuwachukia sikuweza. Wakaupiga picha mteremko, wakauliza kibali. Bosi akawakaribisha gahwa na tende. Wakanywa, wakashukuru, wakaeleza: hapo chini pana mabomba, ukingo haukatwi ovyo, na mwenye nyumba wa kwanza aliomba akanyimwa. Kumbe ndiyo maana kauza! Mchana ikaja mashine. Mteremko kwisha. Ukingo umerudishwa mpya kabisa, naona kama mrefu kuliko wa zamani.

Bosi kanigeukia. Wewe ndiye dereva, siku ya kuiona nyumba ulikuwa nje, hukuuona huu ukingo? Nikamwambia: Bosi, siku ile uliniambia nisitoke garini, AC isizimwe. Akasema nimsogezee gari, anatoka.

Jumatatu, 10 Novemba

Bukra. Binamu yake Bosi, mjuzi wa vibali, kapeleka maombi upya. Jibu bukra, yaani kesho. Jana pia lilikuwa bukra.

Nikiaga na kuondoka hivihivi? Hatanizuia, si mtu mbaya. Ila nikirudi nitamkuta mwingine kwenye usukani, na Mwajabu ana wadogo zake watatu. Leo Mwajabu kaniachia ujumbe wa sauti: "Baba, hilo geti haliwezi kukusubiri mpaka urudi?" Nimeisikiliza mara tatu. Nimekasirika, sijui nimkasirikie nani.

Shehe wa kuozesha katuma ujumbe. Kama sifiki, niseme kwenye simu mbele ya mashahidi kwamba nimemfanya Khalfan wakili wangu. Maneno machache tu. Sitaki kuyasema!

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika humu garini, gari la Mama, mtaani. Bosi ana wageni wa chakula, magari yao yamebana kila mahali, nimeambiwa nisishuke. Kanzu nimevaa hivyohivyo. Simu nimeiegesha kwenye dashibodi, kwa video naona msikiti wa Tanga, naona viatu mlangoni, namwona Khalfan — na joho! Kaazima joho! Bwana harusi anajifuta jasho. Kijana mzuri. Shehe kasema tusubiri kidogo, shahidi mmoja katoka kutawadha.

Geti linafunguka. Bosi huyo, na wageni nyuma yake, kanyanyua simu juu. Kimepita! Kibali kimepita! Ingiza gari, Faraji, ingiza watu waone!

Kibali kipo. Ukingo nao upo palepale, hakuna aliyeugusa. Wote wanatazama simu ya Bosi.

Anakuja. Anagonga kioo kwa pete, anacheka, yalla, yalla, kesho tiketi!

Shahidi karudi, kakaa. Shehe anauliza baba wa binti yupo. Time ananiita toka upande wa wanawake: "Baba Mwajabu, upo?"

Nimefunga milango kwa ndani, nimeisogelea simu. Bosi anavuta kitasa.